Aliyepotea Yuko Wapi? Redio za Dharura, Setilaiti na Funzo la Njia ya Tabora

Katikati ya mwaka 1871, mfuko wa barua wenye tarehe ya 1 Novemba 1870 ulikuwa ungali umelala Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora na vitongoji vyake. Barua hizo zilitoka Unguja, na mwenyewe alikuwa David Livingstone, ambaye wakati huo alikuwa mbali magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Manyema. Waliozituma hawakujua alipo. Naye hakujua kwamba zipo. Huko Ulaya watu walibishana kama yu hai au amekwisha kufa. Ilibidi mwandishi wa gazeti, Henry Morton Stanley, atoke Bagamoyo mwezi Machi 1871, atembee miezi mitatu hadi Tabora, azuiwe na vita vya Mtemi Mirambo, kisha azungukie kusini kupitia Ukonongo, ndipo afike Ujiji mwishoni mwa mwaka na kumkuta mtu aliyekuwa akitafutwa.

Miaka miwili baadaye njia hiyohiyo ilitoa funzo la pili. Livingstone alifariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu, wakafika Unyanyembe mwezi Oktoba. Habari za kifo hicho ziliifikia London mwanzoni mwa mwaka 1874, yapata miezi minane baada ya tukio lenyewe.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Msemo huo ni wa kweli, lakini una sharti moja: hujua njia yule tu aliyerudi. Kwa asiyerudi, swali linalobaki kwa jamaa zake na kwa serikali yake ni moja, nalo ni lilelile la mwaka 1871: yuko wapi? Sayansi ya leo inaweza kulijibu swali hilo kwa dakika chache. Hata hivyo jibu halipatikani kwa kununua chombo peke yake. Linapatikana pale tu mnyororo mzima unapokuwa mkamilifu, kuanzia kwa mtu aliye porini hadi kwa mtu atakayeondoka kwenda kumchukua. Katika nchi yenye mapori makubwa kama ya magharibi mwa Tanzania, jambo hili linastahili kufikiriwa na kila mwalimu na kila mwanafunzi wa sayansi.

Hesabu ya duara

Ugumu wa kumtafuta aliyepotea unaweza kuonyeshwa ubaoni kwa hesabu nyepesi. Tuseme ndege ndogo inaruka kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa juu ya misitu ya miyombo, na rubani wake alisikika kwenye redio kwa mara ya mwisho saa moja kabla ya kutoweka. Kama upande aliokwenda haujulikani, anaweza kuwa popote ndani ya duara lenye nusukipenyo cha kilomita 200. Eneo la duara hilo ni kilomita za mraba 125,000 na zaidi. Mkoa mzima wa Tabora una kilomita za mraba zipatazo 76,000 tu.

Sasa tuseme ndege hiyo ina chombo kinachotuma mahali ilipo kila baada ya dakika 10. Nusukipenyo kinapungua hadi kilomita 33, na eneo hadi kilomita za mraba 3,500 hivi. Chombo kikituma kila baada ya dakika 2, eneo linakuwa kilomita za mraba 140. Mwanafunzi ataona kwamba muda ukigawanywa kwa tano, eneo linagawanywa kwa ishirini na tano, kwa kuwa eneo hufuata mraba wa nusukipenyo. Hapo ndipo ilipo siri yote ya uokoaji: kila dakika inayopunguzwa katika kutojua hupunguza kazi ya watafutaji kuliko inavyodhaniwa.

Wala si kweli kwamba macho ya mtu aliye juu yanatosha. Tarehe 23 Januari 1954 ndege ndogo iliyomchukua mwandishi Ernest Hemingway na mkewe iligonga waya wa simu na kuanguka karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Ndege ya abiria ya shirika la BOAC ilipita juu, ikaona mabaki, lakini haikuona dalili ya mtu. Magazeti ya dunia yakatangaza kwamba Hemingway amekufa. Kumbe yeye, mkewe na rubani wao walikuwa wazima, wakalala hapo usiku mmoja, na kesho yake wakachukuliwa na mashua hadi Butiaba. Kama mabaki yaliyoonekana yaliweza kudanganya kiasi hicho, mabaki yaliyofunikwa na matawi ya miyombo yatadanganya zaidi.

Jinsi redio ya dharura inavyofanya kazi

Chombo cha kwanza cha kujibu swali hilo ni redio ya dharura. Ni redio ndogo yenye betri yake, inayonyamaza miaka yote na kusema siku moja tu. Ile ya kwenye ndege hujiwasha yenyewe inapopata mshtuko mkubwa, na rubani pia anaweza kuiwasha kwa mkono. Ipo pia ndogo ya kubebwa na mtu mfukoni, ambayo huwashwa kwa mkono tu.

Mtambo wa kusikiliza redio hizo kutoka angani unaitwa Cospas-Sarsat. Ulianzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Urusi ya Kisovieti, kwa mapatano ya mwaka 1979. Setilaiti ya kwanza ilirushwa na Wasovieti tarehe 30 Juni 1982, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikasikia kilio cha ndege ndogo iliyoanguka katika milima ya British Columbia, Kanada. Watu watatu waliokolewa; nao walikuwa katika safari ya kuitafuta ndege nyingine iliyopotea. Ikumbukwe kwamba huo ulikuwa wakati wa uhasama mkubwa kati ya Mashariki na Magharibi. Tangu hapo zaidi ya watu 50,000 wameokolewa kwa msaada wa mtambo huo, angani, baharini na nchi kavu, na anayewasha redio hadaiwi malipo ya kusikilizwa na setilaiti.

Namna setilaiti inavyotambua mahali ni mfano bora wa athari ya Doppler, ambayo wanafunzi hufundishwa kwa mfano wa honi ya gari linalopita. Setilaiti iliyo katika kimo cha kilomita 850 hivi husafiri kwa mwendo wa kilomita 7.4 kwa sekunde. Inapoikaribia redio inayotangaza kwa masafa ya megahezi 406, huyapokea mawimbi yakiwa yamepanda kidogo. Inapoiacha, huyapokea yakiwa yameshuka. Tofauti hiyo hufikia karibu kilohezi 9 kila upande. Wakati mawimbi yanapokuwa sawa na yalivyotumwa, ndipo setilaiti iko karibu kabisa na redio. Kasi ya mabadiliko yenyewe huonyesha redio iko umbali gani kutoka chini ya njia ya setilaiti. Hubaki shaka kama iko kulia au kushoto, na shaka hiyo huondolewa kwa kuzingatia mzunguko wa dunia yenyewe au kwa kungojea setilaiti ipite mara ya pili.

Setilaiti hizo za chini zilikuwa na upungufu uliowagusa hasa wakazi wa nchi za Ikweta. Kwa kuwa hupita juu ya ncha za dunia kila mzunguko, watu wa kaskazini na kusini ya mbali huonwa mara nyingi, lakini watu wa latitudo ya Tabora, nyuzi 5 kusini, huweza kungojea kwa saa nzima na zaidi. Upungufu huo unaondolewa na vipokezi vilivyowekwa katika setilaiti za uongozaji, yaani zile za GPS, Galileo na GLONASS, zilizo katika kimo cha kilomita 19,000 hadi 24,000. Kutoka huko, setilaiti kadhaa huiona Tabora kwa wakati mmoja. Tena redio nyingi za sasa zina kipokezi cha GPS ndani yake, hivyo hutuma mahali zilipo kwa usahihi wa mita mia moja hivi, na tangu Januari 2020 setilaiti za Galileo zinaweza hata kumrudishia mwenye redio yenye uwezo huo jibu kwamba kilio chake kimesikika.

Chombo kinachosema na chombo kinachokumbuka

Pamoja na sifa hizo, redio ya dharura ina kasoro moja ya asili: hutegemewa kusema wakati ule ambapo pengine imekwisha kuvunjika. Waya wa antena ukikatika, au ndege ikizama au kuungua, redio hunyamaza. Steve Fossett wa Marekani alikuwa bingwa wa glaida, yaani ndege zisizo na injini; mwezi Agosti 2006 yeye na Einar Enevoldson walipanda na glaida huko Argentina hadi kimo cha zaidi ya mita 15,000. Tarehe 3 Septemba 2007 aliondoka peke yake kwa ndege ndogo yenye injini, katika jimbo la Nevada, kwa safari fupi ambayo hakuiandikia taarifa. Hakurudi. Hakuna ishara ya redio iliyosikika. Watafutaji walikuta mabaki ya ndege nyingine za zamani, lakini si yake. Ilipita zaidi ya mwaka, hadi Oktoba 2008, ndipo mabaki yakapatikana milimani baada ya mpita njia kuokota vitambulisho vyake.

Hapo ndipo ulipo umuhimu wa chombo cha pili, cha kufuatilia safari. Hiki hakingojei ajali. Kila baada ya dakika chache hutuma mahali kilipo kupitia setilaiti za biashara, na alama hizo huhifadhiwa mbali na ndege. Hata ndege ikipata ajali ya ghafla, nyayo zake hubaki. Kwa maneno mengine, redio ya dharura ni chombo kinachosema, na cha kufuatilia ni chombo kinachokumbuka. Kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine.

Marubani wa glaida wameelewa jambo hili kwa sababu ya hali ya mchezo wao. Rubani wa glaida hupanda kwa kutumia hewa ya moto inayonyanyuka kutoka ardhini, kama wafanyavyo tai na korongo juu ya mbuga za Tanzania katika miezi ya kiangazi. Glaida nzuri iliyo mita 1,500 juu ya ardhi inaweza kunyiririka kilomita 60 bila msaada wa hewa hiyo. Hewa ikikosekana, rubani hutua katika shamba au mbuga yoyote iliyo wazi. Kwake kutua pasipo na uwanja si ajali, ni kawaida. Lakini kwa anayemngojea nyumbani, glaida iliyotua salama shambani na glaida iliyoanguka mlimani zinafanana: zote mbili hazikurudi. Ndiyo maana marubani makini hufuata utaratibu wa mambo matatu. Wanabeba chombo cha kufuatilia. Wanavaa redio ya dharura mwilini, si kuiacha katika begi. Na wanamwachia mtu wa chini saa ambayo, ikipita bila habari, apige simu. Katika hayo matatu, la mwisho halihitaji setilaiti wala fedha.

Kunyamaza hakukubaliki tena

Dunia nzima ilikumbushwa jambo hili tarehe 8 Machi 2014, ndege kubwa ya Malaysia, safari ya MH370, ilipotoweka na watu 239. Tanzania inahusika na kisa hicho kwa namna ya pekee: mwezi Juni 2016 kipande cha bawa kiliokotwa kisiwani Pemba, na baadaye mwaka huo wachunguzi wakathibitisha kwamba kilikuwa cha ndege hiyo. Baada ya msiba ule, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliweka kanuni, iliyoanza mwaka 2018, kwamba ndege kubwa za abiria zinazovuka bahari zijulikane zilipo angalau kila dakika 15. Kanuni nyingine inazitaka ndege mpya zenye uzito wa zaidi ya kilo 27,000 ziweze, zikiwa hatarini, kutuma zilipo kila dakika moja.

Kanuni hizo ni za ndege kubwa. Ndege ndogo inayompeleka daktari kijijini, helikopta ya doria, na mtu anayekwenda kwa miguu haviguswi nazo. Hapo ndipo taifa lenyewe linapotakiwa kuamua.

Wako watakaosema kwamba vyombo hivi ni anasa za matajiri. Hoja hiyo ina uzito, kwani redio ya dharura si rahisi kwa mkulima, na chombo cha kufuatilia hudai ada kila mwezi. Lakini gharama haina budi kupimwa kwa mizani yenye sahani mbili. Ndege moja ya kutafuta, ikiruka siku tatu juu ya eneo lisilojulikana, huteketeza mafuta yenye thamani kubwa kuliko redio kadhaa, na mara nyingi hurudi mikono mitupu. Wengine watasema simu ya mkononi inatosha. Simu inatosha palipo na mnara. Katikati ya mapori ya Sikonge, Kaliua na Ugalla iko mahali pengi ambapo simu ni saa ya mkononi na kurunzi tu.

Upo upinzani wa tatu, nao ni mzito kuliko yote: kwamba kujua mahali si kuokoa. Ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022 inathibitisha. Ndege ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja; kila mtu alijua ilipo. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Funzo lake si kwamba setilaiti hazina kazi. Funzo ni kwamba setilaiti huishia kwenye kujulisha. Mkono wa kuokoa lazima uwe karibu, uwe na zana, na uwe umefunzwa.

Yanayofaa kutendwa

La kwanza ni usajili. Redio ya megahezi 406 hutuma, pamoja na kilio chake, namba yake ya pekee na alama ya nchi; Tanzania imepewa 674 na 677. Kama redio imesajiliwa, mpokeaji wa kilio atajua mara moja ni ya nani na atapiga simu kwa jamaa zake kuhakikisha. Kama haikusajiliwa, au ilinunuliwa kwa mtu mwingine na jina la kale halikubadilishwa, atakuwa anamtafuta asiyemjua. Redio za zamani za megahezi 121.5 hazikuwa na namba yoyote. Setilaiti zilisikia vilio vingi mno vya uongo, na tarehe 1 Februari 2009 zikaacha kuvisikiliza. Aliye na redio hiyo peke yake leo asidhani kwamba setilaiti inamsikia. Cospas-Sarsat inalo daftari la kimataifa tangu mwaka 2006 kwa nchi zisizo na daftari lao, kwa hiyo kutosajili hakuna udhuru.

La pili ni kuwachagua wanaostahili kusaidiwa mwanzo. Warina asali wa Tabora huingia misituni kwa majuma mengi, mbali na barabara. Askari wa wanyamapori wa Hifadhi ya Mto Ugalla, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, hufanya kazi katika hali hiyohiyo. Si lazima kila mtu awe na redio yake. Chama cha ushirika kinaweza kuwa na mbili au tatu, zikaazimwa kwa kundi linaloondoka na kurudishwa kundi linaporejea, kwa kuandikwa daftarini kama vitabu vya maktaba. Wenye mamlaka ya mawasiliano na ya usafiri wa anga waweke wazi kwa Kiswahili chepesi taratibu za mwananchi kumiliki chombo hicho nchi kavu.

La tatu ni mazoezi. Kila mwaka redio moja ya mazoezi, kwa ruhusa na taarifa za awali, ifichwe porini, na uwanja wa ndege wa Tabora, polisi, Hospitali ya Kitete na viongozi wa vijiji wapimwe ni saa ngapi zinapita hadi mwokoaji afike. Dakika za setilaiti zinajulikana. Za barabara ya tope wakati wa masika hazijulikani mpaka zipimwe. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliyataka mataifa yasaidie ndege zilizo taabani katika nchi zao, na ahadi hiyo hutimizwa kwa mazoezi kuliko kwa karatasi.

La nne linawahusu walimu. Somo la Doppler, hesabu ya duara na usomaji wa ramani kwa latitudo na longitudo vinaweza kufundishwa pamoja, kwa mfano huu mmoja, bila chombo chochote cha ghali. Mwanafunzi wa Tabora akiweza kutaja mahali shule yake ilipo kwa nyuzi na dakika, na akaelewa kwa nini mtu asiondoke penye mabaki ya ndege, kwa nini antena ielekezwe juu penye anga wazi, na kwa nini redio isiwashwe kwa mchezo, atakuwa amejifunza sayansi inayoweza kumwokoa baba yake.

Huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, liko tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi na mali kutoka pwani. Alingoja kutoka Machi hadi Agosti. Wanafunzi huenda kulitazama. Ni vema wakienda waulizwe swali hili: kama rubani, mrina asali au askari wa wanyamapori akipotea leo jioni umbali wa kilomita 150 kutoka hapo, je, nani atajua, atajua baada ya saa ngapi, na nani ataondoka kumfuata? Pale ambapo jibu halipo, Tabora ingali inaishi katika mwaka 1871, hata kama setilaiti zinapita juu yake kila saa.